Kopo la Sabina

Papa anayekodisha vitabu vya picha karibu na soko analowesha kidole gumba kabla ya kufungua kila ukurasa, hata wa kitabu anachokijua kwa kichwa. Wahusika wote anawasoma kwa sauti zao: mwizi anakohoa, askari anafoka, na Sabina, mwanamke wa pirogi, yaani mtumbwi, anaongea polepole mpaka tunanyamaza. Kila mwaka tunachagua shujaa kwa punje za mahindi, kila mhusika na kopo lake. Makopo ya wanaume yanakaa mezani, na mshindi papa anamchora mlangoni. Ya wanawake yanakaa chini, na mshindi wao anachorwa kwenye kadirisha ka nyuma.

Mwaka huu Feza, muuza samaki, alikataa kupiga kura. Alimtaka Sabina mlangoni, soko lote limuone.

“Papa, ule mwizi, wakati Sabina alimukamata, aliuliza kwanza kama iko mwanamuke?”

Papa akacheka mpaka kofia ikaanguka. Alors, akainama, akalishika kopo la Sabina kwa mikono miwili kama sahani ya mgeni, akaliweka mezani kando ya la askari. Tukapiga kura sote, na Sabina akashindwa na askari kwa punje mbili tu.

Feza akapiga makofi. “Bon! Sasa tumeshindana kweli. Papa, ununue rangi ya kutosha: mwaka kesho utachora pirogi ku mulango!”