Jembe na Jicho la Kimbunga

Kwetu Samuye mvua ikikatika hakuna anayekaa ndani. Maji kwenye majaruba ya mpunga huanza kutafuta pa kutokea, na ukichelewa kuziba kingo yatahamia kwa jirani, wewe ubaki na tope. Ndiyo maana jembe la baba hukaa mlangoni masika yote. Mimi na mdogo wangu tulijua kukimbilia majaruba kabla hatujajua kusoma.

Mdogo wangu alihama na tabia hiyo. Malisho yalipobana aliswaga ng'ombe wake wachache hadi pwani ya kusini, kama Wasukuma wengi, akalima mpunga mwendo mfupi kutoka baharini.

Mimi nafundisha jiografia Runzewe. Miaka nenda rudi nimewaimbisha watoto: bahari yenye joto hutoa mvuke, mvuke hupanda, hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi, na kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo hupinda njiani nayo ikaanza kuzunguka. Hapo kimbunga kimezaliwa. Pepo kubwa za angani hukisukuma, nacho hunenepa maadamu kiko juu ya maji ya moto. Kikipanda nchi kavu hukosa chakula na kudhoofu. Katikati kuna jicho, mahali patulivu. Nilikuwa nalichora jicho hilo kwa chaki nyekundu, wanafunzi wananakili, kengele inalia, tunakwenda kula. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu anaweza kuwa ndani yake.

Nilikuwa nyumbani Samuye kwa likizo asubuhi ile redio ilipotangaza kuwa kimbunga kinakaribia pwani ya kusini. Nikampigia mdogo wangu. Alisema kijiji kizima kimehamia kwenye shule iliyoko mlimani.

"Umebeba nini?" nikamuuliza.

"Mke, watoto, godoro na jembe. Mvua ikikatika tu nashuka kuziba kingo."

Nikamweleza kwamba itanyamaza kweli, pengine hata jua litachungulia, lakini hiyo ni nusu; nusu ya pili itakuja na upepo wa upande mwingine, na bahari inaweza kumfuata hadi shambani.

Akacheka. "Dada, hapa si darasani. Mvua ikikatika imekatika. Muulize baba."

Nilikata simu kwa hasira nikaenda zizini. Baba alikuwa akimfunga ndama. Akanisikiliza bila kugeuka.

"Upepo gani una tundu katikati?"

"Mwanao atakufa, baba. Atakufa kwa kukutii wewe!"

Nilisema vibaya, na nilijua kwamba nasema vibaya. Nikaokota kijiti, nikachora duara kwenye udongo, na ndani yake duara dogo. Baba aliutazama ule mchoro kwa muda mrefu kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha.

"Nilipokuwa mdogo," akasema, "kisulisuli cha vumbi kilinikuta machungani. Ghafla pakawa kimya, nikafumbua macho. Mchanga ukanijia kwa upande wa pili, ukanijaa machoni." Akanyoosha mkono. "Lete simu."

Hata salamu hakumpa mdogo wangu. "Jembe lako liko wapi?"

"Liko hapa, baba."

"Mpe mkeo alikalie. Na asiinuke mpaka niseme mimi."

Mtandao ulikatika baadaye kidogo. Tulijaribu kupiga mchana kutwa. Baba hakula, mimi nilikula kwa sababu nikiwa na hofu ndivyo nilivyo, na niliona aibu kwa kila tonge.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. "Mwangaluka, baba," sauti ikasema. Baba alifungua mdomo kuitikia salamu, ikashindikana, akanipa simu huku akilia waziwazi.

Mdogo wangu alisema palinyamaza kama nilivyomwambia. Alisimama, akamsihi mkewe, akamgombeza, akamsihi tena. Mama wa watu alikaa juu ya lile jembe na mtoto mapajani, anamwangalia tu. Kisha upepo ukarudi.

"Na shamba?" nikauliza.

"Dada, sioni shamba. Naona bahari."

Siku chache baadaye mvua kubwa ilinyesha Samuye. Ilipokatika, baba alishika jembe kama kawaida, akafika mlangoni, akasimama. Maji yalisikika yakibomoa kingo kule bondeni, naye amesimama tu, anaangalia juu.

"Mwalimu," akaniita. Hakuwahi kuniita hivyo tangu nianze kazi. "Imekatika kweli?"

"Imekatika, baba."

Hakusogea. Nikachukua jembe la pili, nikamtangulia kutoka.