Kamba ya Kisima cha Kanisa

Kanisa zima lilikuwa linaomba maji, mimi nikaomba mwamba. Nalisema mapema ili anayetaka kunihukumu aanze sasa hivi, asipoteze muda wake. Jumatano ile wenzangu walifunga, wakapiga magoti kwenye sakafu ya vumbi wakimsihi Mungu afungue chemchemi chini ya kiwanja chetu. Na mimi nilipiga magoti katikati yao, nimejitanda kanga, nikamwambia Mungu kimoyomoyo: weka mwamba, Baba, tena mgumu usiopasuka, mume wangu atoke humo shimoni asirudi tena.

Mume wangu ni mchimba visima. Tunaishi Ipagala, na tangu mji ulipoanza kutanuka hajawahi kukosa kazi. Anachimba visima na mashimo ya vyoo kwa mkono, kwa sururu na mtalimbo, kwa wale wasioweza kuita gari la kuchimbia. Aliponioa walikuwa wawili, yeye na kaka yake, wakipokezana. Mmoja yuko chini anachimba, mwingine yuko juu anashika kamba, anavuta ndoo za udongo na kumsikiliza mwenzake. Huyo wa pili wanamwita mtu wa juu. Kazi yake inaonekana nyepesi kwa mtu anayepita njia.

Kaka yake alifia kwenye shimo Nzuguni. Siku hiyo mume wangu alikuwa ameitwa kwingine, na juu alikaa kibarua wa kukodi. Yule kibarua akaenda kibandani kunywa uji. Hakuna aliyesikia udongo ulipoachia. Aliporudi alikuta shimo limekuwa fupi kuliko alivyoliacha, na juu ya udongo mbichi hakukuwa na kitu chochote, hata kofia. Tulimtoa shemeji yangu alasiri. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyemsafisha kucha, kidole baada ya kidole, na hakumruhusu mtu amsaidie.

Msiba ulipoisha nilidhani ataacha ile kazi. Nilikuwa nimeshamtafutia hata nafasi ya ulinzi kwenye godauni. Asubuhi moja akachukua sururu, akasimama mlangoni, akaniambia nivae viatu twende.

"Twende wapi?"

"Kazini. Wewe ndiye mtu wa juu."

"Mimi? Huna wanaume wa kuwaita?"

"Sitaki mtu wa kukodi," akasema. "Nataka mtu ambaye nikifa atapata hasara."

Ndivyo nilivyoposwa mara ya pili. Aliweka sharti moja tu, kwamba muda wote akiwa chini niimbe nyimbo za kanisani, nisinyamaze. Nikinyamaza atajua nimeondoka. Na yeye, kila nikimaliza ubeti, atagonga ukuta mara mbili kwa nyundo, nijue yupo. Sasa, anayenifahamu anajua sauti yangu. Mwalimu wa kwaya alishawahi kuniambia, kwa upole mkubwa, kwamba huduma yangu anaiona iko zaidi jikoni. Nilimkumbusha mume wangu jambo hilo. Akacheka, akasema shimoni hata sauti yangu inafika ikiwa nzuri, maana inapigwapigwa na kuta njiani.

Kanisa letu liko upande wa Ihumwa, si mbali na reli. Kuta ni za tofali za saruji, bati lilipatikana kwa taabu, madirisha bado. Maji tulikuwa tunanunua kwa watu wa mikokoteni ya punda, na mama aliyefika ibadani na dumu lililojaa alionekana tajiri. Jumapili moja mume wangu alisimama mbele ya watu akasema atachimba kisima bure, ndiyo sadaka yake. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Hakuna aliyegeuka kumtazama mtu wa juu. Nilijitazama mwenyewe viganja.

Tulianza vizuri. Udongo mwekundu wa juu ulikuwa umeshikamana, akashuka haraka, akichonga ukutani vishimo vya kukanyagia ili aweze kupanda. Kisha ikaja changarawe nyeupe, na hapo ndipo usingizi uliponiondoka. Ilikuwa inamomonyoka kama ukoko mkavu ukiukwangua sufuriani. Na treni ya mizigo ilipopita, ardhi ilitetemeka kidogo sana, kiasi ambacho mtu aliyekaa asingegundua, lakini ndani ya shimo mchanga ulianza kumwagika kwa sauti ndogo. Mume wangu alikuwa anabandika mgongo ukutani na kutulia mpaka treni iishe. Mimi nilikuwa napandisha sauti, hata maneno nayakosea.

Nilimwendea mzee wa kanisa anayesimamia ujenzi. Yeye alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa ukuta, kila siku, na mwamvuli pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kazi inaendelea, Bwana asifiwe."

"Amina. Mzee, kuta zinamwagika. Tuleteeni karavati za zege, zile pete za kushikilia kuta, tuanze kuzishusha."

"Tutazimimina tukishayaona maji," akasema. "Hatuwezi kuweka zege kwenye shimo kavu. Tuvumilie, mwanangu. Mungu hamwachi mtumishi wake."

Nikamwambia basi tubadilishane, anipe kiti mimi nivumilie hapo kivulini, na yeye akashike kamba. Alicheka sana, akanisifia kwamba nina moyo wa furaha. Mume wangu aliposikia habari hiyo alinikanya. Alisema hakuna aliyemlazimisha, na aliyemwahidi Mungu ni yeye. Nilimuuliza Mungu alisema lini kwamba anataka kisima kisicho na karavati. Akaweka sururu begani, akatangulia njia ya nyumbani.

Ndiyo wiki ile ya kufunga, wiki niliyoomba mwamba.

Mwamba ulikuja Alhamisi asubuhi. Niliusikia kabla hajaniita, maana mtalimbo ulibadilika mlio. Akasema kutoka chini, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama watoto, nimegota." Nilikaa chini kwenye lundo la udongo, machozi yakanitoka, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Akina mama waliokuwa wanazoa udongo wakadhani ni maji, wakaanza kukimbilia shimoni. Sikuwa nimewahi kujibiwa ombi haraka namna ile, na nikiri kwamba nilijisikia mtu muhimu.

Kisha nikasikia anagonga. Si ile mara mbili yetu. Aligonga hapa, akagonga pale, akatulia, akagonga tena. Alikaa hivyo kitambo, kisha akapanda, akatoa kichwa nje akiwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope, na macho yanang'aa.

"Umetoa sauti ya uwazi," akasema. "Ni kifuniko tu. Maji yako chini yake."

Nilimtazama nisiamini. Kama ingekuwa changarawe tupu angekata tamaa baada ya siku chache, nafahamu tabia yake. Ni ule mwamba wangu uliompa uhakika.

Mzee akashauri tuuchome kwa matairi, kama wanavyofanya wapasua kokoto. Mume wangu alikataa matairi, akasema moshi wake haumtoki mtu kifuani. Wakakubaliana kuni na mkaa. Jumamosi tuliwasha, na mchana kutwa kiwanja cha kanisa kilitoa moshi kwa shimo moja jembamba, watoto wakizuiwa wasisogee. Jioni wakamwaga maji juu ya mwamba wa moto, madumu kwa madumu, yale yale ya kununua. Tulisikia mlio mkubwa wa kupasuka. Jumapili mchungaji alihubiri uvumilivu, na kanisa likasimama kuombea mwamba ufunguke. Nilisimama pia. Sikusema amina.

Jumatatu alishusha kibatari kwanza kupima hewa, kimefungwa kwenye kamba. Kilizimika kabla hakijafika nusu. Akakipandisha, akakitazama, akacheka kidogo peke yake. Tukafunga matawi yenye majani, tukawa tunayapandisha na kuyashusha kuchota hewa, mpaka mikono ikafa ganzi. Kibatari kilishuka tena. Safari hii kilifika chini kikiwaka, moto wake mdogo kama wa kiberiti kinachoisha.

"Tusubiri kesho," nikamwambia.

"Kinawaka."

"Kinawaka vibaya. Baba watoto, nakuomba."

Alinishika bega, jambo ambalo hafanyi mbele ya watu. Akasema ataondoa mawe yaliyopasuka tu, atapanda. Akajifunga kamba kiunoni, akashuka, na mimi nikaanza kuimba.

Ubeti wa kwanza, akagonga mara mbili. Ubeti wa pili, mara mbili. Ndoo ya kwanza ya mawe ilipanda, nikaimwaga, nikairudisha. Ubeti wa tatu treni ikapita, na ilipoisha nilisikia pigo moja la nyundo. Nilisubiri la pili, halikuja. Nikaanza ubeti wa nne. Nilipoumaliza, chini kulikuwa kimya.

Sikunyamaza. Mpaka leo akina mama wananiuliza kwa nini niliendelea kuimba badala ya kupiga kelele, na sina la kuwaambia isipokuwa kwamba nilikuwa nimemwahidi. Niliurudia ubeti ule ule, nikaurudia tena, sauti ikikwaruza, huku navuta kamba. Ilikuwa nzito, haijibu. Akina mama, mmoja baada ya mwingine, wakaacha karai za udongo wakaja kushika nyuma yangu. Mzee akainuka kwenye kiti chake. Nikawa naimba na kumlaumu Mungu ndani ya wimbo huo huo, kwamba mwamba alionipa ni wa kumuulia mume wangu.

Kamba ikatikisika. Kisha sauti ikatoka chini, nzito kama ya mlevi.

"Vuteni."

Tulivuta wote, mzee naye, mwamvuli wake umetupwa. Alitoka akiwa hawezi kukanyaga vishimo vyake mwenyewe, tukamburuta hadi mchangani. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Suruali ilikuwa imelowa hadi magotini. Watu wote walitazama suruali. Mzee alipiga magoti, akaishika kwa mikono miwili, akaanza kulia na kusema Bwana asifiwe, na kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mimi nilikuwa natazama midomo.

Alipomaliza kutapika nilimlaza kichwa mapajani kwangu, nikamuuliza kwa nini hakugonga.

"Nilikuwa nagonga," akasema. "Kila ubeti. Wewe ndiye ulikuwa unaimba kwa mbali, nikajua unaondoka."

Nyundo tuliikuta siku ya pili, ndani ya ndoo ya mawe iliyobaki chini.

Kisima kina karavati sasa, na mfuniko wa chuma. Maji yana chumvi kwa mbali lakini yanapika maharage vizuri, na punda hawaji tena. Mume wangu akipanda ngazi husimama katikati kupumua, halafu anajifanya alikuwa anatazama kitu. Nilidhani inatosha. Nilidhani hata Mungu anaona inatosha.

Jumapili iliyopita mchungaji alitangaza kwamba usharika wa jirani wamesikia mambo makuu tuliyotendewa, nao wanamwomba fundi wetu akawachimbie. Watu wakapiga makofi. Kabla ya kusimama kukubali, mume wangu alinigeukia, na kwa muda mfupi nilitumaini kwamba ananiuliza. Kumbe alikuwa anahakikisha tu kwamba nimesikia, nijiandae.

Tunaanza kesho. Kamba mpya iko nyuma ya mlango. Safari hii sijaomba maji wala mwamba. Tangu asubuhi nina mafua, koo limekauka, na nimekaa jikoni na kikombe cha tangawizi niliyoichemsha kwa maji ya kisima kile kile. Namwomba Mungu kitu kimoja, sauti isinikatike.