Kupita Chini Kabla ya Kutua

Kiwanja kile cha ndege nilikipima kwa mikono yangu mwenyewe. Kilikuwa cha murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, nje kidogo ya mji wa Kajiado, na miaka ya tisini baba yangu alikuwa mlinzi wake. Tulihamia pale kutoka Ukambani kwa sababu ya kazi hiyo, na mlango wa nyumba yetu ya mabati ulitazama kiwanja chote. Kwa hiyo miaka ya elfu mbili, nilipogundua kwamba kuna programu huria ya kuigiza urushaji wa ndege, na kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua, kusoma jinsi ilivyoandikwa na kuirekebisha, kitu cha kwanza nilichotaka kuongeza kilikuwa kiwanja chetu.

Wakati huo nilikuwa na mke na kibanda cha kutengeneza kompyuta Kitengela. Jumamosi moja nikaenda Kajiado na kamba ya mita hamsini. Mama mmoja aliyekuwa akichunga pale alinisalimu kwa Kimaasai, "Supa," nikaitika, "Ipa," akasimama kunitazama.

"Unanunua hii shamba?"

"Hapana, mama. Nataka kuiweka kwa kompyuta."

"Yote?"

"Yote."

"Na nyasi utaniachia?"

Nilimwahidi nyasi yote. Alicheka, kisha akanishikia ncha ya kamba mpaka tukamaliza.

Mradi wenyewe uliendeshwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Ukirekebisha au ukiongeza kitu, unatuma kipande chako, wenzako wanakijaribu, na msimamizi anaamua kama kitaingia katika toleo linalofuata. Nilituma vipimo vyangu kutoka saiba, duka la kulipia intaneti. Baada ya wiki kadhaa nilipakua programu ya majaribio, nikaifungua nyumbani, na pale kwenye skrini, katikati ya uwanda wa kahawia, pakawa na mstari mwekundu. Kajiado! Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Furaha hiyo haikudumu. Kila nilipotua hapo, magurudumu yalijikunja na ndege ikalala kwa tumbo. Nilitua kwenye viwanja vya Ulaya na Amerika bila shida. Kajiado tu ndiyo iliyonivunja. Kama mtu mwaminifu, nikaripoti.

Msimamizi, ambaye nilimjua kwa barua pepe tu, alinijibu kwa upole. Yeye na wenzake wawili walikuwa wametua Kajiado mara nyingi na hawakuona kasoro yoyote. "Lakini wewe ndiwe mwenye kiwanja," aliandika, "na wewe ndiwe unayesema kinavunja ndege. Toleo jipya tunalifunga Ijumaa. Kama hatutajua sababu kufikia hapo, nitalazimika kukiondoa."

Kukiondoa! Nilirudia kila hesabu. Nilikagua mwinuko, nikidhani labda nimechanganya futi na mita. Nilikagua mteremko. Kila kitu kilikuwa sawa, na ndege ikaendelea kuvunjika.

Jumapili baada ya kanisa, mke wangu alivuta kiti akaketi kando yangu. Nikashuka kuelekea Kajiado, nikapita chini kabisa juu ya murram, nikapanda tena, nikazunguka, nikarudi kutua. Kraa! Tumbo.

"Baba watoto," akasema, "mbona ulipita kwanza? Uliogopa?"

"Siogopi. Nafukuza ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wa kiwanjani."

Akanitazama, akatazama skrini, akanitazama tena. "Kwani kwa kompyuta umeweka ng'ombe?"

Sikuwa nimeweka ng'ombe hata mmoja. Lakini utoto wangu wote, kila ndege ndogo iliyokuja kwetu ilifanya hivyo: rubani alipita chini mara moja, ng'ombe wakatawanyika, baba akakimbia na fimbo kuwaondoa waliokaidi, ndipo ndege ikatua. Kwangu mimi huko kulikuwa ndiko kutua Kajiado. Sikuitaja hatua hiyo kwenye ripoti yangu kwa sababu sikujua kwamba ni jambo la kutajwa, kama vile mtu hasemi kwamba alifungua mlango kabla ya kuingia.

"Jaribu bila hao ng'ombe wako," mke wangu akasema.

Nikaenda moja kwa moja. Ndege ikatua laini, ikasimama. Nikahamia uwanja mkubwa wa lami wa Ulaya, nikapita chini kwanza, nikazunguka, nikatua. Kraa!

"Siyo kiwanja!" nikapaza sauti. "Kiwanja hakina makosa!"

"Nimekusikia, na mji mzima wa Rongai wamekusikia," akasema.

Nikafungua sehemu inayohusu magurudumu, nikasoma mstari kwa mstari. Nieleze hivi: fikiria bawabu mwenye daftari. Mgeni akikaribia lango, anamwandika kwamba ameingia. Ndege ilipokuwa karibu sana na ardhi, programu iliandika "magurudumu yamegusa". Ilipopanda bila kutua, hakuna aliyefuta. Iliporudi, programu ilidhani magurudumu yamekuwa chini tangu awali, ikayabebesha uzito wote kwa mpigo mmoja. Dawa ilikuwa mistari miwili tu: ukipanda, futa. Kuijenga upya programu kwenye mashine yangu kulichukua mchana mzima uliobaki. Nikapita chini, nikarudi, nikatua. Magurudumu yakashika. Mke wangu akapiga kigelegele.

Jumatatu saiba ilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza mlangoni. Nilituma ile mistari miwili pamoja na maelezo marefu kuhusu ng'ombe, nikiona haya kidogo.

Jumatano majibu yakaja. Msimamizi alikuwa amefuata hatua zangu akavunja ndege yake papo hapo, kisha akaweka mistari yangu ikapona. Marekebisho yangeingia kwenye toleo la Ijumaa, na kiwanja kingebaki. Chini yake mwenzake mmoja alikuwa ameongeza swali: alikuwa amepita chini juu ya Kajiado mara tatu siku hiyo, na alitaka kujua ng'ombe awafukuzie wapi.

Nikamwandikia nikiwa nimesimama: aanzie upande wa barabara, awasukume kuelekea kwenye maji, kama baba alivyofanya.