Mshono wa Hatua ya Saba

Jamani, wanaume wengine hulewa, wengine hutangatanga. Mume wa Mama Sindano, fundi cherehani mwenzake, ana gemu. Tena si hizi za mpira anazocheza kila mtu. Ni gemu ya zamani, kaseti imebanduka karatasi, jina halisomeki: askari mwenye jicho moja anawamiminia risasi wadudu wa chuma. Mwenye banda la gemu mtaani alipewa bure, akairudisha. Fundi akaichukua, akailea kama yatima. Mwaka wa kumi na moja huu anaitafuta hatua ya mwisho, hajaiona.

Mashine yenyewe haina kumbukumbu. Ukimaliza hatua inakupa namba sita. Usipoziandika, kesho unaanza upya. Fundi naye, sijui alirogwa na nani, namba za hatua ya saba akaziandika kwenye kitabu cha vipimo, humo humo wanamoandika mabega na viuno vya watu.

Sasa sikia. Mwalimu mmoja kapandishwa kuwa mkuu wa shule, kaleta kitambaa cha koti. Fundi akampima, naye namba zake sita akaziandika ukurasa huo huo bila jina, mkewe hakuwepo. Jumanne Mama Sindano akafungua kitabu: kumi na tisa, arobaini na nne, kumi na moja, arobaini... Akasema moyoni, mwalimu mkuu huyo, lazima ajaze mlango, na mkono wa kumi na moja, basi koti kalitaka la mikono mifupi. Akakata. Miaka kumi na minane nguo yake haijarudishwa hata moja, na jina lake lilisimama juu ya hilo.

Nyuma ya pazia, Fundi siku tatu anagombana na televisheni. Anaingiza namba, inazikataa. Anapuliza kaseti, anaizaba kofi.

"Mashine imekufa, mama watoto."

"Afadhali. Tuizike leo leo."

Ijumaa asubuhi mwalimu akaja kujaribu. Mwembamba, mrefu! Koti likampwaya, mikono ikaishia kwenye viwiko.

"Mama," akasema taratibu, "niliomba mikono mirefu. Leo saa tisa natambulishwa kwa wazazi."

Mama Sindano akatamani ardhi ipasuke. Akamwomba arudi saa nane. Alipotoka tu, akamwita mumewe, akamwekea kitabu puani. Fundi akasoma, uso ukachanua.

"Hii ndiyo hatua ya saba! Kumbe nilikuwa naingiza kiuno cha mwalimu!"

Basi, amini usiamini, akakimbilia nyuma ya pazia.

Mama Sindano alitaka kulia, muda hakuwa nao. Nguo pana hupunguzwa, lakini mkono mfupi unaurefusha na nini? Akafumua ubavuni, akapunguza, na kitambaa kilichobaki akakiunga kwenye viwiko, mshono juu kabisa uonekane, kana kwamba ndivyo ulivyopangwa. Sindano ilimchoma mara nne, na kila ilipomchoma alimtaja Fundi. Saa saba na nusu ikabaki pasi tu. Na soketi inayofanya kazi nyumba nzima ni moja.

Akafunua pazia, pasi mkononi. Fundi alikuwa analowa jasho. Kwenye kioo cha televisheni, dubwana la chuma limejaa pembe hadi pembe.

"La mwisho hili," akanong'ona. "Limebaki kidogo, na mimi uhai mmoja. Miaka kumi na moja, mke wangu! Nipe dakika tano."

"Miaka kumi na minane, Fundi," akasema mkewe. "Haijarudishwa hata moja."

Fundi akatazama dubwana, akatazama vidole vya mkewe vilivyotobolewa. Akasonya, akanyoosha mkono, akachomoa waya mwenyewe. Kioo kikawa cheusi. Akachukua na pasi, akapiga koti lote.

Saa nane mwalimu akavaa, akajigeuza mbele ya kioo, akajigeuza tena. Lilimkaa. Akagusa kiwiko.

"Mshono huu sijawahi kuuona. Unaitwaje?"

Mume na mke wakatazamana.

"Hatua ya saba," akajibu Mama Sindano, macho makavu.

"Basi na la pili nishonee hivyo hivyo," akasema mwalimu, akatoka.