Nilimpandisha Ndege Ndugu Yangu Akitoka Kuzamia

Naandika bila jina. Nimemharibia ndugu yangu miguu. Watu wa kwetu Garissa wanasema ilikuwa bahati mbaya. Haikuwa! Nilijua kinachomtokea, nikanyamaza. Ya Rabbi, nisamehe!

Mimi ni Msomali wa Garissa, lakini riziki yangu ilikuwa pwani, kuwapeleka wageni chini ya bahari na mitungi ya hewa mgongoni. Cheka ukitaka. Wenzangu wanajua ngamia, mimi najua samaki.

Mama aliamini nauza vyumba hotelini. Baba alizama mto Tana akivuka Masalani, na tangu siku hiyo mama aliniapisha nisiingie kwenye maji yanayonipita magoti. Niliapa, kisha nikaenda kutafuta maji yanayozidi urefu wa mnara wa msikiti!

Aliyejua siri ni mdogo wangu Abdinoor, mwalimu wa shule ya msingi. Likizo akaja kunitembelea, nikamfundisha kuzamia. Alishika upesi, nami nikajiona fundi. Asubuhi moja nikamteremsha mahali ambapo mwanafunzi wa kiwango chake haruhusiwi kufika.

Sikilizeni ujinga wangu. Mimi nilivaa mtungi wa mchanganyiko ulioongezwa oksijeni. Huo una naitrojeni kidogo, na naitrojeni ndiyo inayojipenyeza mwilini ukikaa chini. Yeye nikampa hewa ya kawaida, kwa sababu mtungi mzuri ulikuwa umebaki mmoja, nami nikauchukua. Kompyuta ya kuvaa mkononi, inayohesabu muda wa kukaa chini, pia ilikuwa moja, yangu, nimeipangia mtungi wangu. Iliposema tupande, tukapanda wote wawili. Ilikuwa inahesabu mwili wangu. Wa Abdinoor haikuujua!

Yeye alipaswa kusimama njiani muda mrefu, mwili uitoe ile naitrojeni polepole. Usiposimama, inatoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Tulisimama kidogo tu, tukatokea juu tunacheka.

Ufukweni nikakuta simu imepigwa mfululizo. Ayeyo, bibi yetu mzaa mama, amefariki. Anazikwa leo baada ya alasiri. Kwetu maiti haisubiri msafiri, na huyo ndiye aliyetulea mama akiwa sokoni kuuza maziwa.

Kwa gari tusingewahi. Jamaa mmoja akaniambia kuna kindege kinatoka Malindi na wafanyakazi wa mashirika kwenda Dadaab, kitatua Garissa kwanza, na nafasi zipo. Sasa, kila mzamiaji hufundishwa mapema kabisa kwamba ukitoka chini, usipande ndege mpaka kesho yake. Kule juu hewa ni nyepesi, mapovu mwilini yanafura. Mimi mwenyewe niliwaambia wageni hivyo kwa ukali! Abdinoor sikuwa nimemfikishia somo hilo. Nikajidanganya kwamba safari ni fupi. Na mama angesemaje nikikosa kumzika mama yake?

Tulikuwa hewani kitambo kidogo tu Abdinoor akaanza kujikuna tumbo. Kisha akashika bega.

"Walaal, ndugu yangu, bega linauma kwa ndani kabisa. Ni ile mitungi?"

"Uliibeba vibaya," nikamjibu. "Litaisha."

Nilijua! Ningeweza kumwambia rubani apunguze kimo. Niligeuka nikatazama nje.

Tulimzika Ayeyo. Kwenye swala Abdinoor alisimama ameniegemea. Nyumbani, wanaume wakila, akaninong'oneza kwamba nyayo zake hazisikii mkeka. Akaenda msalani, mkojo ukakataa kutoka. Akarudi kukaa mkekani, na alipojaribu kuinuka tena, akaanguka juu ya sinia la wali. Wazee wakasema ni uchungu wa msiba, mmoja akaanza kumsomea Kurani.

Hospitalini daktari kijana, mtu wa bara, akanivuta pembeni. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Amefanya nini leo? Niambie kila kitu." Mama alikuja akasimama ubavuni mwangu, macho mekundu, ameshika viatu vya Abdinoor.

"Hakuna, daktari," nikasema. "Tulikuwa tumekaa tu hotelini."

Wallahi nilisema hivyo! Niliogopa uso wa mama kuliko nilivyoihurumia miguu ya ndugu yangu. Abdinoor naye, asiyejua chanzo, aliitunza siri yangu. Daktari angejua, angemwekea oksijeni papo hapo. Badala yake akashuku ugonjwa wa uti wa mgongo, akashauri apelekwe Nairobi.

Abti, mjomba wetu, akahangaika na simu usiku kucha. Asubuhi ndege ya wagonjwa ikatua. "Daktari, sisi habana ngoja tena," Abti akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Ndege iko tayari, kijana beleka!"

Ndege tena! Na Nairobi yenyewe iko juu. Tulibeba machela, mimi nikiwa upande wa kichwa, Abdinoor ananitazama kutoka chini na kunitabasamia. Tulipoitua chini ili mlango wa ndege ufunguliwe, nikawapita wote mbio. Nikajitupa kwenye lami mbele ya ngazi.

"Msimpandishe! Alizamia baharini! Nilimpeleka mimi! Akipanda juu atakufa!"

Mama akainama.

"Hooyo, mwanangu, bahari gani?" akaniuliza taratibu. "Si wewe unauza vyumba?"

Nililia kama mtoto.

Daktari, aliyekuwa ametusindikiza, hakunigombeza. Alikimbilia oksijeni, akapiga simu Mombasa, ambako kuna chumba cha chuma cha kumrudishia mtu lile shinikizo la chini ya bahari kisha kulipunguza polepole. Tulikwenda kwa gari, Hola, Garsen, barabara isiyopanda milima popote, mimi nimemshikilia barakoa usoni. Kila shimo lilimfanya aume meno.

Walimtia chumbani humo mara nyingi. Mguu wa kulia ulirudi nusu. Wa kushoto ulikataa. Waliniambia angefikishwa siku ileile, huenda angetembea. Shule yake ni mchanga mtupu, kiti cha magurudumu hakipiti, kwa hiyo amekaa nyumbani. Mama ananipa chai, lakini usoni haniangalii.

Hilo nalivumilia. Anayenitisha ni Abdinoor. Kila mgeni akija kumjulia hali, ananionyesha kwa kidole. "Huyu walaal ndiye aliyeniokoa. Alijitupa mbele ya ndege kwa ajili yangu." Hajui kwamba nilielewa tangu bega lilipoanza kuuma. Hajui kwamba daktari aliniuliza. Nami nainamisha kichwa, napokea shukrani!

Nyinyi mnaozamia, kila mtu ashike kompyuta yake iliyopangiwa mtungi wake. Ndege iacheni iende, hata kama ni mazishi. Marehemu mtamwombea dua popote mlipo. Na wewe usiyejua hata kuogelea, daktari akikuuliza, jibu! Jibu hata kama mama yako amesimama hapo hapo anakusikiliza.

Juzi mke wa Abdinoor amejifungua mtoto wa kiume. Mbuzi watachinjwa Ijumaa, na ndugu yangu ameshawatangazia watu kwamba mtoto atapewa jina langu, ili akue na moyo kama wangu. Lazima nimwambie kabla ya hapo. Jamani, naogopa.