Barabara Iliyoingia Jikoni kwa Shangazi

Leo mwanafunzi wangu amepitisha barabara katikati ya jiko la shangazi yake.

Nafundisha usanifu wa miji, shahada ya pili. Asubuhi tulikwenda Msimbu, Kisarawe, kupigilia vigingi vya kijiji kipya cha ujamaa.

Barabara kuu aliichora Rehema, huko Dar, kwenye ramani isiyoonyesha nyumba. Imenyooka vizuri. Nilimsifu mbele ya darasa zima.

Mstari ukatufikisha uani kwa watu. Akatoka mama na mwiko mkononi. Rehema akamwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kigingi jikoni kwangu cha nini?"

"Cha barabara."

"Nani kaichora?"

Tukatazama chini wote. (Na mimi pia.)

"Mimi, shangazi."

Nikataka kusema tutaipinda kidogo, yaishe. Jamani, nyie mngefanyaje?

Rehema akaniwahi. "Mwalimu, tukiipinda inaingia kwa jirani. Yeye hana ndugu darasani kwetu."

Shangazi akashusha mwiko. "Basi kamwiteni jirani, tukae tuzungumze."

Tulikaa mpaka adhuhuri. Barabara sasa inapita nyuma ya nyumba zote mbili, na imepinda kweli kweli. Wakubwa wa wilaya hawataipenda. Nimeisaini hivyo hivyo.

Wakati wa kurudi wanafunzi walikuwa wakiimba garini. Rehema alikuwa akiikagua ramani. Tulipokaribia Dar akaniinamia.

"Mwalimu, nyumba nyingine zilizo kwenye mstari hatukuzipigia hodi."

Kesho asubuhi tunarudi Msimbu.