Vijiti vya Mforosadi

Nikinusa forosadi mbivu sokoni, narudi nyuma ya jiko letu kule Ziwani, kwenye harufu ya udongo uliomwagiwa maji ya kuoshea mchele. Asubuhi aliyokwenda kulazwa mjini, mama alichomeka pale vijiti vitatu vya mforosadi, akavitilia kivuli cha kuti.

"Usiviguse, mwanangu. Vikichipua, nitakuwa nimesharudi."

Kila siku nilivivuta taratibu kuangalia mizizi, kisha nikavirudishia udongo. Mara moja niliona uzi mweupe, laini. Ukakatikia kidoleni.

Siku wanawake walipojaa uani kwa msiba wa mama, bibi aling'oa vile vijiti vikavu apate pa kutandika mkeka.

"Havikushika," alisema, bila kumlaumu mtu.

Nikaficha mikono nyuma.